Kizazi: Ni Zawadi ao Ni Deni?

Ndugu musomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa jamaa unajibu barua ya mama mumoja wa muji wa shaba. Jina lake tumelificha. Anaandika hivi:

«Kwa kuzaa mara ya kwanza nilitoka damu mingi. Wanganga walinitosha kizazi kusudi nisikufe. Mutoto naye alikufa. Bwana wangu ni mutu muzuri, lakini jamaa yake hawanyamaze. Juzi shemeji alituonyesha kwenye telefone kwamba kule Ulaya wanawekea mwanamuke kizazi cha mwingine. Tangu ile siku mama mukwe anaangalia tu mudogo wangu mwenye watoto wane. Anasema: Yake haina tena kazi. Mudogo wangu ananyamaza. Mimi niseme nini?»

Kwanza pole, mama. Ulizika mutoto, na watu wanakuhesabia deni. Tunaanza na habari yenyewe, kisha tutakujibu.

Ile habari ya telefone ni ya kweli, lakini haikusema yote. Katika mwaka 2000, kule Jeddah, Arabia Saudia, mwanamuke mumoja aliwekewa kizazi cha mwenzake. Kisha siku 99 walikitosha, juu damu ilikuwa imeganda ndani ya mishipa. Tangu 2012, Profesa Mats Brännström na wenzake wa Göteborg, katika Uswidi, waliwekea wanawake 9. Vizazi 2 viliharibika, vikatoshwa. Katika Septemba 2014 mutoto wa kwanza wa dunia alizaliwa kwa njia ile: mwana mwanaume, mbele ya wakati, kilo karibu 1,8. Kizazi kilitoka kwa rafiki ya jamaa, mama wa miaka 61. Wengi wa wale wengine walipewa na mama zao wazazi. Musichana aliwekewa kizazi kilekile chenye kilimubeba yeye mwenyewe! Katika Brazili mutoto alizaliwa katika 2017 ndani ya kizazi cha mwanamuke aliyekwisha kufa. Katika Uingereza, dada mukubwa alimupa mudogo wake kizazi katika 2023, na katika 2025 mutoto musichana alizaliwa.

Sasa sikia namna kazi inafanywa. Katika zile operesheni za Uswidi, mwenye kutoa alilala chini ya kisu masaa 10 na kupita. Mwenye kupokea anapasuliwa vilevile. Mimba haiingie kwa njia ya kawaida: wanganga wanachanganya yai na mbegu inje ya mwili, kisha wanaingiza ndani ya kizazi. Kila siku mama anakunywa dawa kusudi mwili usikatae kile kitu cha mugeni, na zile dawa zinapunguza nguvu ya kupigana na magonjwa. Kuzaa ni kupasuliwa tena. Kisha mutoto mumoja ao wawili, kizazi kinatoshwa kusudi aache dawa. Kwa hiyo ni kitu cha kuazima.

Je, ni zambi? Watu wenye hekima hawasikilizane wote. Wamoja wanasema: mutu akipewa figo, anaponyeshwa kifo, lakini kukosa kizazi hakuue. Kwa nini kutia watu wawili katika hatari? Wengine wanajibu: uchungu wa kukosa mutoto ni uchungu wa kweli, na mutu mukubwa mwenye kufahamu anaweza kutoa kwa mapendo. Kanisa Katoliki, katika mafundisho yake ya 1987, lilikataa kufanya mimba inje ya mwili. Kuko makanisa mengine yenye kuachia watu wa ndoa waamue ndani ya zamiri yao.

Lakini neno moja linapita yote: je, mwenye kutoa aliulizwa?

Fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 16. Sara hakukuwa na mutoto, akamutoa Hagari, mutumishi wake. Soma polepole: hakuna mahali Hagari aliulizwa. Walitumia tumbo lake sawa chungu cha kuazima kwa jirani. Mutoto alizaliwa, ndiyo, lakini amani ilitoka ndani ya ile nyumba.

Mama, kunyamaza kwa mudogo wako hakuko kukubali. Mutu wa kutoa anapaswa kuulizwa peke yake, mbali na jamaa, na akisema hapana, asichukiwe. Na mwili wake hauko magazini ya vipande vya mashini, mutu aingie achague chenye hakina tena kazi. Wewe ndiye dada yake: mwite, umwambie, «Mimi sikuombe kitu hiki.» Utaona namna atapumua.

Na wewe papa wa ile nyumba, usifiche kinywa. Maneno ya mama yako, ni wewe wa kuyajibu, hayako ya bibi yako. Elkana alimupenda Hana wakati hakukuwa na mutoto hata mumoja, hakungojea Samweli. Kama munapenda kulea, watoto wasio na wazazi hawako mbali na mulango wenu.

Vijana, na ninyi musikie. Mara mingi kukosa mutoto kunatoka kwa mwanaume, ao kwa wote wawili. Mukikawia kupata, muende kwa munganga pamoja, musimutume bibi peke yake. Ugonjwa wa zinaa utunzwe mapema, mbele haujaziba mirija. Na mwanamuke mwenye mimba akitoka damu, musingojee asubuhi.

Magaribi hii, kisha chakula, muulizane ndani ya nyumba: kama bibi wa kaka yetu hatazaa hata siku moja, ataendelea kuitwa mama kwetu? Kila mutu ajibu kwa sauti, na yeye akiwa pale anasikia.