Kompyuta ya michezo: pesa ya sauti iende kwenye kaske, si kwenye kadi

Umeme wa SNEL unapokatika usiku Lubumbashi, chumba cha michezo ya video hakifungwi. Mwenye chumba anawasha jenereta mlangoni, vijana wanaongeza sauti ndani ya kaske za masikio, na mchezo unaendelea. Hapo ndipo lingepaswa kuanzia swali la kifaa gani cha sauti kinunuliwe kwa kompyuta ya michezo. Madukani linaanzia kwingine: kwenye taa za rangi na namba "7.1" iliyochapwa juu ya boksi.

Muuzaji anayedai kwamba kompyuta haiwezi kutoa sauti nzuri bila kadi ya sauti ya pekee anarudia maneno ya zamani. Yalikuwa kweli mwaka 1989, wakati kampuni ya Creative, kutoka Singapore, ilipotoa Sound Blaster. Kompyuta nyingi za wakati ule zilijua kupiga mlio tu. Leo karibu kila kadi mama ina chipu yake ya sauti, na hesabu za sauti za michezo zinafanywa na programu. Chipu hiyo inatosha kuendesha kaske ya kawaida ya omu 32. Zile za omu 250, za watu wa studio, ndizo zinazohitaji amplifaya.

Na hiyo "7.1"? Kaske nyingi zinazojivunia namba hiyo zina spika mbili tu, moja kila upande, kama kaske nyingine zote. Kinachobaki ni programu. Si ubaya, maana mtu mwenyewe ana masikio mawili: anatambua kwamba adui yuko kushoto kwa sababu kishindo cha miguu kinafika sikio la kushoto mapema kidogo, tena kwa nguvu zaidi. Lakini Windows 10 na 11 zina Windows Sonic, ambayo hailipishwi, na Counter-Strike 2 ina mfumo wake ndani. Kuongeza dola kwa ajili ya namba hiyo ni kulipia kitu ambacho tayari kipo nyumbani. Tena, kuwasha mifumo miwili kwa pamoja kunaivuruga yote.

Tatizo la kweli kwa mchezaji wa hapa ni mngurumo unaosikika nyuma ya mchezo. Nyumba nyingi hazina waya wa ardhini, na umeme wa jenereta ndogo si safi. Kwa laptopu, jaribio ni rahisi: chomoa chaji. Mngurumo ukinyamaza, unatoka kwenye umeme, na kaske mpya haitauondoa. Kwa kompyuta ya mezani, kwanza chomeka kaske nyuma ya boksi, kwa sababu waya wa tundu la mbele mara nyingi unapita karibu na kadi ya picha na kuokota kelele zake. Kama bado inanguruma, kadi ndogo ya sauti ya USB, inayokaa nje ya boksi, mara nyingi inasaidia. Hiyo ndiyo kadi pekee ambayo wengi wangehitaji.

Bluetooth iachwe kwa muziki. Sauti yake inachelewa, na mikro ikiwashwa, mara nyingi ubora unashuka hadi kufanana na simu. Waya ni bora, na ni rahisi kutengeneza ukikatika.

Basi pesa iende kwenye kaske iliyofungwa, yenye mito inayozunguka sikio lote, ambayo inazuia kelele za nje kabla ya mchezaji kugusa kitufe cha sauti. Jambo hili si la starehe. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na mtoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zinazoongezwa zinakata muda huo nusu: kwenye desibeli 90 zinabaki saa 4 tu kwa juma zima. Kijana anayefunika mlio wa jenereta kwa milipuko ya mchezo anaweza kuzimaliza kwa jioni moja au mbili, na chembe za sikio zikifa hazioti tena.

Mwezi Machi 2025, OMS na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, UIT, walitangaza kanuni za usikilizaji salama katika michezo ya video. Wenye vyumba vya michezo hawana haja ya kuzisoma zote ili kusogeza jenereta nyuma ya ukuta, kuweka kikomo cha sauti kwenye kompyuta zao na kuacha kununua kaske nyepesi zisizoziba chochote. OCC, yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, iangalie pia maboksi haya yenye namba kubwa. Na mnunuzi adai kujaribu kaske dukani, mikro ikiwa wazi, kabla ya kutoa pesa.