Mambo ya Nyumbani: Oveni Isiyopata Moto



Mwezi huu twajibu swali la nyumba moja ya Kikristo. Mama wa nyumba hiyo huoka mikate na kuiuza, na kwa fedha ya mikate watoto wawili hulipiwa ada ya shule. Sasa oveni yao ya umeme haipati moto. Taa ya ndani yawaka, saa yaonekana, feni yavuma, lakini mkate huingia mweupe na kutoka mweupe. Fundi aliitwa, akatazama kitambo kidogo, akasema, "Bodi imekufa." Bei ya bodi mpya yakaribia nusu ya bei ya oveni nzima. Nao watuuliza, Je, tukope fedha tuinunue?

Twajibu: Msikope bado. Hatumwiti fundi mwongo, ila twasema hukumu imetangulia ushahidi.

Kwanza yafaa kujua bodi ni kitu gani. Nyuma ya vitufe na saa ya oveni za siku hizi pana ubao mwembamba uliojaa vipande vidogo vya umeme. Ndio huo uitwao bodi. Kazi yake ni kama ya msimamizi wa shamba. Hupokea habari kwa kipimajoto kilicho ndani ya oveni, kisha hutoa amri kwa swichi ndogo ziitwazo rilei, nazo hupeleka umeme kwenye koili ya kupasha moto. Basi kipimajoto kikileta habari ya uongo, amri itakuwa mbaya. Na koili ikiwa imekatika, amri itatolewa wala haitatendeka. Ukimfukuza msimamizi na kuajiri mwingine, ugonjwa utabaki palepale, na fedha imekwisha kwenda.

Kabla ya kugusa neno lo lote, sikieni onyo hili. Umeme wa nyumba zetu, volti 230 huku Tanzania na 240 huko Kenya, huua mtu mzima. Chomoeni plagi, na kama oveni imefungwa moja kwa moja ukutani, zimeni swichi kuu. Hata baada ya kuzima, kapasita za bodi zaweza kushika umeme kwa muda. Tena katika bodi nyingi hapana transfoma ya kutenga umeme mkubwa na mdogo, hata sehemu ionekanayo kuwa ya volti chache imeungana na umeme wa ukutani. Kwa hiyo yaliyo nje ya oveni na aangalie mwenye nyumba. Yaliyo ndani na afungue mtu aliyefundishwa.

Sasa twende kwa taratibu, tukianza na mambo yasiyo na gharama.

Jambo la kwanza ni saa. Umeme ukikatika na kurudi, saa za oveni nyingi humemeta kwa sifuri, na oveni hukataa kupasha moto mpaka saa iwekwe sawa. Nyingine hubaki katika hali ya kujiwasha zenyewe kwa saa maalumu, mpaka mtu achague alama ya mkono. Tena pana kufuli ya watoto, ambayo alama yake mara nyingi ni ufunguo. Watu wamelipa fundi kwa kuwekewa saa tu. Katika nyumba iliyotuandikia feni yavuma, basi neno hili halielekei kuwa lao. Lakini kulijaribu hakugharimu hata senti.

Jambo la pili ni herufi na tarakimu zitokeazo mahali pa saa, kama F au E pamoja na namba. Hayo si mapambo. Ni bodi yenyewe yasema inapoumwa. Maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo tafuteni kile kitabu kidogo kilichokuja na oveni. Msikitupe kamwe.

Jambo la tatu ni koili, nayo hufa mara nyingi kuliko bodi. Feni ikivuma, taa ikiwaka, na moto usipatikane, sisi twaitilia shaka koili kwanza. Kwa oveni yenye feni, koili huwa ni duara lililoizunguka feni, nyuma ya bamba la ndani. Fundi azime umeme, atoe waya za koili, apime kwa mita.

Walimu, hapa pana hesabu nzuri kwa wanafunzi wenu. Mwalimu Mjerumani Georg Simon Ohm alitangaza kanuni yake katika kitabu mwaka 1827, na omu zimeitwa kwa jina lake. Koili ya wati 2000 kwa volti 230 huvuta ampea 8.7 hivi, gawanyeni 230 kwa 8.7, mtapata omu 26 na kitu. Basi mita ikionyesha karibu na hapo, koili ni nzima. Isipoonyesha njia yo yote, koili imekatika. Kisha apime toka koili hadi bati la oveni: hapo isiwepo njia kabisa. Ikiwepo, umeme wavuja, na mtu aweza kupigwa.

Jambo la nne ni kipimajoto, kile kijiti chembamba cha chuma kilicho ndani ya oveni. Aina moja itumiwayo sana huwa na omu 1000 katika nyuzi 0 za Selsiasi, karibu omu 1100 katika joto la chumba chetu, na omu 1385 katika nyuzi 100. Fundi akipata sifuri, au asipate njia, kipimajoto ndicho kibovu. Ziko aina nyingine zenye hesabu zao. Kitabu cha oveni au namba ya kipuri itamwongoza.

Jambo la tano ni kinga ya joto, kidude kidogo kinachokata umeme oveni ikipata moto kupita kiasi, pamoja na waya zote na viungo vyake. Kiungo kilicholegea huungua, na plastiki yake hugeuka nyeusi. Kukikaza au kukibadili ni kazi ya dakika chache.

Hayo yote yakiwa mema, na umeme usifike kwenye koili, hapo ndipo bodi isimame mbele ya hukumu. Hata hapo isihukumiwe yote kwa pamoja. Itazamwe: kapasita iliyovimba kichwani, lehemu iliyopasuka chini ya rilei, masizi, au mende waliofia juu yake, kwa kuwa mende hupenda joto lake. Saa ikififia, au rilei zikilia tik-tik bila kukoma, mara nyingi kapasita imechoka. Kipande kimoja chaweza kubadilishwa na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu, kwa bei ndogo sana kuliko ya bodi. Lakini oveni ikiendelea kupata moto hata baada ya kuzimwa, huenda rilei imegandamana. Ikatieni umeme mara moja, wala isitumiwe mpaka itengenezwe.

Na ikiwa hapana budi kununua bodi, toeni namba iliyoandikwa juu ya bodi yenyewe, maana oveni za jina moja huweza kuwa na bodi mbalimbali. Pigeni picha ya waya zote kabla hazijachomolewa.

Kisha itunzeni. Umeme ukikatika, zimeni oveni ukutani, msiiwashe mpaka umeme umerudi na kutulia kwa dakika kadhaa, maana mshtuko wa kurudi kwake huunguza bodi. Mkiwa mmemaliza kuoka, iacheni feni ya kupoza iendelee hata ijizime yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ninyi mliotuandikia, mwiteni tena yule fundi kwa heshima, mkamwulize, "Ndugu, umepima nini, na mita imesema nini?" Akiwa na jibu, msikieni. Akiwa hana, mwombeni apime, nanyi mmlipe kwa kupima, maana hiyo pia ni kazi.

Twakumbuka jinsi Nikodemo alivyowazuia wakuu wenziwe wasikate hukumu kabla mshtakiwa hajapata nafasi ya kujieleza. Ikiwa tutajizoeza subira hiyo kwa chombo cha jikoni, ambacho kikihukumiwa bure ni ada ya watoto inayopotea, tutaikumbuka zaidi mtoto atakaposhtakiwa kwa sukari iliyopungua, au jirani kwa neno lililosikiwa njiani.

Bwana awabarikie mikate yenu na meza zenu.