Macho Kwanza, Darubini Baadaye

Mwezi huu twataka kusema juu ya darubini ya macho mawili, hasa nanyi walimu wa Bungu mnaowapeleka watoto kutazama mbega na hondohondo katika misitu kama ule wa Mazumbai, milimani kwetu Usambara.

Mtoto apewapo darubini huibandika machoni upesi, kisha humtafuta mbega asimwone. Na afundishwe hivi: amwone mnyama kwanza kwa macho matupu, asiyaondoe macho kwake, ndipo aiinue darubini mpaka usoni. Mbega atakuwa mumo humo.

Kabla ya hayo ailinganishe na macho yake. Katika darubini nyingi, afumbe jicho la kuume, azungushe gurudumu la katikati mpaka jani la mbali lionekane wazi. Kisha afumbe la kushoto, azungushe kioo cha kutazamia cha kuume peke yake. Tangu hapo gurudumu la katikati lamtosha.

Ikiandikwa 8x42, maana yake humleta mnyama karibu mara 8, na kila kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Mbega aliye mbali mita 80 huonekana kana kwamba yu mita 10.

Lakini jua lisitazamwe kwa darubini hata kidogo. Vioo hukusanya mwangaza wake, na jicho laweza kuungua pasipo maumivu, mtoto asijue mpaka kuona kumeharibika. Basi, mwalimu, wapange watoto jua likiwa mgongoni mwao. Mbega asiyeonekana leo ataonekana siku nyingine. Jicho lililoungua halina badala.