Barua mkononi mwa msafiri si magendo



Hapa Birmingham mtu akitamka tu kwamba anakwenda Dar au Mombasa, jioni hiyo hiyo bahasha zinaanza kumfuata: cheti cha kuzaliwa, karatasi za kiwanja, barua ya mama. Na kila safari hakosekani anayenong'ona, "Lakini hiyo si kuiibia Posta?"

Swali hilo ni la zamani. Sheria ya Uingereza ya 1711 iliipa Posta peke yake haki ya kubeba barua. Nahodha akitia nanga alitakiwa kukabidhi barua alizobeba kwenye posta ya bandari, akalipwa peni 1 kwa kila barua. Zilisamehewa barua zinazohusu shehena iliyomo melini, na barua aliyobebeshwa rafiki aliye safarini. Rafiki, jamani! Hata wakoloni wetu walijua kwamba huwezi kumfunga mtu kwa kumsaidia jirani.

Sheria hiyo haikuzuia magendo. Barua moja kutoka London hadi Birmingham ilifika kutozwa peni 9, basi watu wakazificha kwenye marobota ya bidhaa. Aliyeona ugonjwa ni Rowland Hill, mwalimu aliyeendesha shule ya Hazelwood hapa hapa Edgbaston. Mwaka 1837 aliandika kwamba tatizo ni bei. Tarehe 10 Januari 1840 bei ikawa peni 1 nchi nzima. Barua zikapanda kutoka kama milioni 76 mwaka 1839 hadi kama milioni 169 mwaka 1840. Magendo yakakosa faida.

Kwetu, meli za British India zilianza kuleta barua Unguja kutoka Aden mwaka 1872 kwa mkataba wa serikali. Manahodha wa majahazi walikuwa wakibeba barua zamani kabla ya hapo.

Uingereza yenyewe ilifuta leseni za kubeba barua mwaka 2011. Tanzania, TCRA inadai leseni kwa mabasi yanayosafirisha vifurushi. Hapo sina ugomvi: anayetoza fedha awajibike bahasha ikipotea. Ugomvi wangu ni na wale wanaotaka Posta ilindwe kwa kuwabana wengine, huku wananchi wengi hawana hata sanduku la barua. Shusheni bei, fikisheni barua mlangoni, kisha tuone nani atamsumbua msafiri.

Mwezi ujao kuna ndugu anakwenda Tanga. Bahasha yangu iko tayari, sijaifunga, ili aone mwenyewe anachobeba.