Spoti yetu inakufa ku yenga ya pili

Hapa Kambove tunajuana. Mwaka ukianza tunaapa: sasa tutakimbia kila asubui. Yenga ya kwanza tunatoka wengi. Ya pili posti inabadilika, tunaingia kazi ya usiku, na mbio inaishia hapo. Kisha tunajiita wavivu.

Sisi tunasema: si uvivu. Tulifunga spoti ku saa, na saa ya mtu wa mine haiko yake. Tuifunge ku kuoga. Ukishuka kazi asubui ao mangaribi, mbele ya kuoga, toka utembee.

Wengine wanajibu: «Kazi ya mine njo spoti yetu.» Mwenye kubeba mifuko tunamuelewa, apumzike. Lakini mwenye kushinda amekaa mu kamyo posti nzima, mugongo na moyo wake havikufanya kazi. OMS inaomba mtu mzima angalau dakika 150 kwa yenga: ni 30, mara tano. Kutembea kwa haraka kunatosha, na hata 10 ni mwanzo.

Barabara ya makamyo tuiache. Vumbi tunakula ya kutosha ku kazi. Na mtu asitoke peke yake. Jirani akigonga mlango, utaona haya kubaki ndani. Bibi na batoto nao batoke: njo wanajua siku tunadanganya.

TP Mazembe ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968, kisha ikalingoja mpaka 2009. Siye tumekosa siku tatu tu. Kesho tuanze tena.