BREKI HAFIFU ZA GARI KUUKUU

Mwenye gari la zamani akiulizwa kwa nini breki zake hazishiki, mara nyingi hujibu kwamba gari limezeeka. Jibu hilo ni rahisi mno. Gari lililosimama vyema lilipotoka kiwandani litasimama vivyo hivyo hata baada ya miaka sitini, maadamu kila sehemu ya breki zake ni nzima. Zikiwa hafifu, kuna sehemu moja au mbili zilizoharibika, nazo zaweza kutafutwa na kujulikana kabla hata senti moja haijatumika dukani.

Jambo hili lawahusu zaidi wakulima wa nchi za juu. Bwana Fulani wa Kinangop apakiapo viazi katika Land Rover yake kuukuu na kuteremka kwenda Naivasha, uzito wote wa gari na mzigo huwa mikononi mwa breki. Tani mbili zikishuka mita 500, na breki pekee ndizo zinazozuia, joto linalopatikana lingetosha kuchemsha maji zaidi ya lita 25, yaani zaidi ya debe moja. Joto hilo lote huingia katika dramu nne za chuma. Ndiyo sababu gari liwezalo kusimama vizuri mbele ya duka kijijini laweza kukataa katikati ya mteremko wa Mai Mahiu, katika barabara ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Breki za Land Rover za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1948, na za magari mengi ya miaka iliyofuata, zafanya kazi kwa mafuta. Dereva akikanyaga pedali, silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, husukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu. Huko silinda ndogo hutanua viatu vya breki, navyo vikasugua ndani ya dramu. Katika magari mengi ya wakati ule njia ya mafuta ilikuwa moja tu kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, hakuna gurudumu hata moja litakaloshika. Mwenye gari la namna hiyo hana breki za akiba, wala asijidanganye kwamba anazo katika breki ya mkono. Breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Hushika shafti nyuma ya giaboksi, nayo ilitengenezwa kulizuia gari lililokwisha kusimama. Kuivuta kwa nguvu gari likiwa mbioni kwaweza kuvunja vyuma vya chini.

Uchunguzi huanza kwa mguu, gari likiwa mahali tambarare na mawe yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Kwanza kikopo cha mafuta ya breki kifunguliwe na kutazamwa. Kama mafuta yamepungua sana, basi yamekwenda mahali fulani, na kuongeza mengine bila kutafuta mahali hapo ni kazi bure. Kisha pedali ikanyagwe mara moja, polepole, na kushikiliwa.

Pedali ikishuka mbali kabla ya kushika, lakini ikikanyagwa mara ya pili upesi ikashikia juu na kuwa ngumu, kwa kawaida viatu vimelika na kuwa mbali na dramu. Huo ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote na ulio rahisi kuponywa. Gurudumu huinuliwa kwa jeki, gari likategemezwa kwa gogo imara, na nati ya kurekebishia iliyo nyuma ya dramu huzungushwa kwa spana mpaka gurudumu likwame, kisha hulegezwa kidogo mpaka lizunguke huru. Land Rover fupi ya inchi 88 ina nati moja katika kila gurudumu la mbele. Ile ndefu ya inchi 109 ina mbili, na mafundi wengine husahau ya pili, gari likarudi kwa mwenyewe likiwa limepona nusu.

Pedali ikiwa laini kama mpira wa miguu uliopungua upepo, na ikizidi kuwa ngumu kila inapopigwa pampu, mna hewa ndani ya mabomba. Mafuta hayabonyei, lakini hewa hubonyea, hata nguvu za mguu zikaishia humo. Lakini hewa haikuzaliwa ndani. Iliingia kwa sababu kikopo kiliachwa kikauka, au kwa sababu kuna mahali panapovuja. Kwa hiyo kutoa upepo ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kutafuta mlango ulioingilia.

Hapa ndipo madereva wengi wanapokosea. Bwana Fulani huyo hupiga pampu mara tatu kabla ya kila kona, na utingo wake humsifu kwamba amelijua gari lake. Sifa hiyo haifai. Gari linalotaka mara tatu leo litataka mara tano mwezi ujao, na mtoto anayekatiza barabara hangoji hata ile ya pili.

Dalili ya tatu ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Pedali hushika vizuri, lakini ikishikiliwa kwa muda wa dakika moja huzama polepole kuelekea chini. Mafuta yanaponyoka. Aangalie basi chini ya gari, ndani ya kila gurudumu, na kando ya kila bomba. Akiona unyevu, amepata ugonjwa. Asipoona unyevu popote, na kikopo hakipungui, basi mafuta yanapita ndani kwa ndani, yakirudi nyuma ya mipira midogo ya masta silinda iliyolika. Ubovu huu hauonekani kwa macho, na gari lenye ubovu huo laweza kusimama vyema mara mia likikanyagwa kwa nguvu, kisha likakataa dereva anaposhikilia pedali taratibu penye mteremko. Gari la namna hiyo lisitoke uani.

Pedali ikiwa juu na ngumu, na gari lisimame kwa shida hata hivyo, ubovu si wa mafuta. Utafutwe ndani ya dramu. Huenda viatu vimeng'aa kama kioo kwa joto, au vimelowa. Mara nyingi huwa vimelowa mafuta ya difu yaliyopita katika mpira uliochakaa wa ekseli. Viatu vilivyolowa havifai kukaushwa juani wala kuchomwa kwa petroli, kama wengine wafanyavyo. Vibadilishwe, pande zote mbili pamoja, lakini mpira wa ekseli utangulie, ama vipya vitalowa kabla ya mvua inayofuata. Katika malori yenye chombo cha kusaidia mguu kwa nguvu ya injini, huenda chombo hicho ndicho kilichokufa. Kukijaribu ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, pedali ipigwe mara kadhaa, ishikiliwe, kisha injini iwashwe. Pedali isiposhuka hata kidogo, chombo hakifanyi kazi.

Baada ya hayo gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo katika njia tupu, tambarare na kavu. Likivuta upande wa kushoto, ubovu waweza kuwa kulia, kwa maana gurudumu la kushoto ndilo linaloshika. Dereva akisimama asogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Dramu iliyo baridi haikufanya kazi. Iliyo na moto kuliko wenzake inashika hata pedali ikiachwa, na aghalabu chanzo ni silinda ndogo iliyokwama kwa kutu, au bomba la mpira lililovimba ndani likaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Bomba la namna hiyo kwa nje huonekana zima kabisa. Tena, jaribio lisifanywe kwa kurudi nyuma. Viatu vya mbele vya Land Rover ndefu vimepangwa hivi kwamba dramu ikizunguka kwenda mbele huvivuta vyote viwili vishike zaidi. Ikizunguka kinyume hushika kidogo, na huo si ubovu.

Kuna breki ambazo ni nzima asubuhi na hafifu mteremkoni. Dereva aliyeponea hapo akumbuke mguu wake ulihisi nini. Kama pedali ilibaki ngumu lakini gari halikupunguza mwendo, viatu vilipata joto kupita kiasi, na labda dawa yake kubwa ni kuteremka kwa gia ndogo tangu juu. Kama pedali ilianza kuzama na kulainika, kisha ikapona gari lilipopoa, mafuta ya breki yalichemka. Mafuta haya hufyonza maji kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Yale yanayoandikwa DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakikwisha kunywa maji kipimo chake hushuka mpaka 140, na mvuke nao hubonyea kama hewa. Kwa hiyo mafuta meusi yaliyokaa miaka mingi yamwagwe yote hata kama kikopo kimejaa.

Wala kisitiwe kitu kingine mahali pake. Mafuta ya injini, yakitiwa hata kikombe kimoja, huvimbisha mipira yote ya breki, na mwenye gari atanunua mipira mipya kuanzia masta silinda mpaka gurudumu la mwisho. Mafuta yaliyotolewa wakati wa kutoa upepo yasirudishwe kikoponi, ijapokuwa yaonekana safi. Kazi hiyo yataka watu wawili, mmoja pedalini na mwingine kwenye nipeli, nayo kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda.

Dramu ikifunguliwa, vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Viatu vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona, hata baada ya miaka mingi. Lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe na kuzikwa, mbali na watoto na kuku.

Matengenezo yakiisha, gari lijaribiwe tena tupu mahali tambarare, kisha kwenye kilima kidogo. Baada ya siku mbili kikopo kifunguliwe na kutazamwa. Kama mafuta yako palepale yalipokuwa, Bwana Fulani apakie nusu ya viazi vyake kwa safari ya kwanza, na nusu iliyobaki ingoje safari ya pili.