Damu Ipitayo Angani

Tangu mwaka 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zinapeleka damu katika hospitali za Rwanda. Kifurushi hushushwa kwa parachuti, na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hangoji gari lililokwama milimani. Tunashukuru.

Lakini chombo kinachookoa kikianguka sokoni, chaweza kuua. Ndiyo maana kanuni za Rwanda za mwaka 2018 zilimtaka mrushaji aonyeshe kwanza atakavyozuia ajali, ndipo aruhusiwe. Twaona ni haki.

Hapa Tanzania pia kibali hutakiwa. Wazazi wenzetu, kijana akitaka kurusha chombo hicho juu ya umati harusini, tumwulize kwanza: kibali unacho? Kinga ni bora kuliko tiba.